Saini Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Mei

Tangazo jipya ubaoni. Karatasi nyeupe, muhuri wa idara, pini nne. Asiyefikisha robo tatu ya vipindi vya Takwimu haruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Mtihani wenyewe ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 14, saa nane mchana. Wanadarasa wenzangu wamesimama pale wakihesabu kwa vidole, nyuso zimewashuka. Mimi nimepita napiga mluzi. Waziri wa Taaluma wa serikali ya wanafunzi hahesabu vidole.

Nina utaratibu wangu. Tangu muhula uanze, Mrefu, ninayeishi naye chumba kimoja bwenini, ananisainia karatasi ya mahudhurio. Karatasi inapita kiti hadi kiti, kila mtu anaandika jina na saini kwenye mstari unaofuata, Mrefu anajaza mistari miwili. Nani atajua? Tuko tisini mle ndani. Mimi niko kwenye vikao, nawatetea. Huwezi kuitetea elimu na papo hapo ukaihudhuria.

Jioni mdogo wangu kapiga simu. Kauliza kama nasoma. Kila Jumatatu anauliza hivyo hivyo, kama nesi anayeulizia choo. Najua anachotaka kusikia. Mshahara wa baba unabeba mtoto mmoja chuoni, wawili hauwezi, na baba alishasema: wa pili ataingia wa kwanza akitoka. Mdogo wangu ana barua ya kujiunga na famasia, hapa hapa chuoni kwetu. Mwaka jana ilisogezwa mbele kwa sababu yangu. Nilirudia mwaka, kampeni ilinila muda (nilishindwa urais kwa kura nne, wizi mtupu!). Sasa chuo kimemwandikia kwamba hakisogezi tena. Mwisho wa mwezi huu athibitishe, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Kwa hiyo mwaka mzima binti wa watu yuko kwa shangazi anashona sare za shule, vifungo na mifuko, ananisubiri. Na mimi nimebakiwa na somo moja tu. Takwimu. Nimemwambia ahesabu nimeshamaliza.

Akasema, sawa kaka.

Jumanne, 5 Mei

Kikao cha baraza la mawaziri. Ajenda: mapazia ya ofisi ya Rais wetu. Nilisimama kidete kwa kijani. Rais anataka bluu. Saa mbili nzima. Katikati ya hoja yangu ya nne Mrefu akatokeza mlangoni anapunga mikono kama anafukuza kuku. Nikatoka kwa hasira.

Maskini mimi! Leo kilikuwa kipindi cha mwisho cha Takwimu. Mwalimu wetu tunamwita Mama Wastani, mwanamke wa sauti ndogo na miwani mikubwa. Alikuwa anasoma mahudhurio, jina na asilimia, jina na asilimia. Akafika kwangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma: mia moja arobaini na sita. Darasa likadhani amekosea. Akasoma tena. Vipindi ishirini na nane. Saini arobaini na moja.

Nikamuuliza Mrefu alipatwa na wazimu gani. Akaapa kwa mama yake kwamba yeye kasaini ishirini na mbili tu, siku nyingine alikuwa anaumwa jino. Mchana kutwa nimefanya uchunguzi. Mwakilishi wa darasa kakiri kumi na mbili. Anasema alitaka nikipanda cheo nimkumbuke. Saba zilizobaki ni za jamaa wa chumba cha ngazini, anayeomba ahamishwe kwa sababu ya vishindo vya viatu. Kila mmoja alidhani yeye ndiye peke yake mwenye huruma. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Ndiyo hasara ya kupendwa na watu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mara tatu nilihudhuria. Kwa miguu yangu miwili! Siku hizo sikusaini. Nilijua nimeshasainiwa, nikaipitisha karatasi kwa jirani.

Jumatano, 6 Mei

Nimelala vibaya, nimeamka na jibu. Barua!

Karatasi yenye nembo ya Wizara. Lugha nzito. Kwamba Wizara imesikitishwa na kasoro zilizojitokeza kwenye karatasi za mahudhurio. Kwamba mwanafunzi mmoja (jina limehifadhiwa) amezidishiwa saini bila ridhaa yake. Kwamba Wizara, kwa moyo wa ushirikiano, inapendekeza saini kumi na tatu zifutwe na zibaki ishirini na nane. Asilimia mia kamili. Sikutaka makubwa. Nikagonga muhuri mara mbili, wa pili kwa msisitizo. Nikatia saini yangu, ile kubwa, yenye mkia unaozunguka jina zima na nukta tatu mwishoni.

Naibu wangu alikuwa mezani kwake anapanga pini kwa ukubwa. Huyu dada haishi kunitia wasiwasi. Hakosi kipindi hata kimoja, anakaa kiti cha mbele, na barua zote za ofisi anaandika yeye. Mtu wa hivyo hana jingine, anakitaka kiti changu. Aliisoma barua, akaniuliza kama nina hakika nataka kuweka saini yangu pale. Nikamwambia barua isiyo na saini ni umbea. Akanitazama kidogo. Akasema sawa, Mheshimiwa. Hiyo “Mheshimiwa” yake ina kitu ndani.

Nimeipeleka kwa mkono wangu. Mama Wastani kaipokea, kashukuru, kaitia kwenye faili. Nimerudi napiga mluzi ule ule wa Jumatatu.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeitwa ofisini kwa Mama Wastani saa tatu.

Ofisi ndogo, dirisha moja ambalo komeo lake limekufa, limefungwa kwa kamba. Mezani katandaza karatasi zote ishirini na nane. Katikati yake, barua yangu. Alichukua rula, akaiweka chini ya saini yangu ya kwenye barua. Akaihamishia karatasi ya kwanza. Akarudi kwenye barua. Karatasi ya pili. Akarudi. Taratibu, kama fundi anayepima kitambaa cha mteja msumbufu. Mimi nimesimama, jasho linanitoka mgongoni, na bado ana karatasi ishirini na sita.

Mpaka jana hakuwa na cha kulinganishia. Darasani hajawahi kuniona nikisaini. Kilichokuwa kinakosekana ni saini yangu halisi, na nimempelekea mwenyewe, ina muhuri. Mihuri miwili.

“Hata moja,” alisema. “Kati ya hizi arobaini na moja, hata moja si yako.”

Nikaanza kueleza kwamba mara tatu nilikuwepo. Akauliza katika hizo tatu nilisaini wapi.

Jumanne saa nne nafikishwa mbele ya Kamati ya Mitihani. Wakiona nimedanganya, mtihani siingii. Takwimu inafundishwa mara moja kwa mwaka. Nisipoingia sijamaliza, nisipomaliza nafasi ya famasia inakwenda kwa mtu mwingine. Mama Wastani hayajui hayo ya famasia. Sikumwambia. Mtu wa cheo changu hawezi kuanza kulialia ofisini kwa watu.

Ijumaa, 8 Mei

Mkakati wa pili. Nitawaambia Kamati kwamba saini yangu hubadilika. Hubadilika kwa uchovu, kwa hali ya hewa, kwa majukumu. Ushahidi: nitasaini mbele yao ile ya Mrefu, wataona inalingana.

Tangu asubuhi nafanya mazoezi. Ya Mrefu ni fupi, imelala, haina nukta. Nimejaza daftari zima. Mkono umevimba lakini umeelewa.

Kwa usalama zaidi nikamwomba Mrefu asimame mbele ya Kamati na kusema alisaini kwa hiari yake, mimi sina habari, ni mapenzi tu. Akauliza yeye watamfanyaje. Nikasema hilo tutaliona mbele. Alikunja godoro lake, akatia mto kwapani, akahamia chumba cha ngazini. Hatusemezani sasa. Mihula mitatu nimemwachia pasi yangu anyooshee mashati, na shukrani ndiyo hiyo.

Saa tisa Naibu akaingia na barua ya kutiwa saini. Kwamba kuna wenzetu kumi na mmoja darasani ambao ratiba imewapangia mitihani miwili kwa pamoja, Takwimu na wa idara nyingine, siku ile ile, saa ile ile. Hawawezi kugawanyika. Ameshakwenda idarani mara tatu, amezungukia darasa zima kuomba ridhaa, Kamati inakaa Jumanne hiyo hiyo, barua lazima iwe imefika kabla ya saa kumi leo, na inataka saini ya Waziri. Akaanza kunieleza kinachoombwa, kwamba vyumba vilivyo wazi ni vichache, kwa hiyo wanaomba mtihani wa Takwimu...

Nikamkatisha. Nina shingo yangu ya kuokoa. Akasema ingekuwa vizuri nikaisoma, inanihusu na mimi. Nikamwambia waziri anayesoma kila barua mwisho wake ni ukarani. Nikachukua kalamu, nikasaini. Lo! Mkono ukatoa ya Mrefu. Nikaikata, nikaweka yangu pembeni. Naibu akapuliza wino ukauke.

“Usije ukasema sikukwambia,” alisema, akaondoka mbio.

Kimbelembele.

Jumapili, 10 Mei

Mdogo wangu kapiga, na leo si Jumatatu. Shangazi kampa kitambaa cheupe kilichobaki kwenye oda ya zahanati. Anajishonea koti la maabara. Alitaka kujua niliowaona mimi huku wa famasia, makoti yao yana mifuko miwili au mitatu.

Mimi ninajua? Nimesema mitatu.

Kisha akauliza kama kila kitu kiko sawa, maana sauti yangu imepungua. Nikasema ni mtandao. Nikaenda bafuni nikafungua bomba, nikakaa ukingoni.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Naogopa. Nikifumba macho naiona rula.

Nimejaribu kusoma. Nimefungua maelezo ya Takwimu aliyoninakilia mtu, nimemaliza sura tatu. Si magumu kama nilivyofikiri. Kwa kweli ni mazuri. Hilo ndilo limenitia uchungu zaidi, nimefunga daftari nikarudi kwenye mazoezi ya saini.

Jumanne, 12 Mei

Nimesimama mbele ya Kamati, na bado nipo duniani. Niandike yote kabla sijasahau.

Saa nne kasoro nilikuwa kwenye benchi la nje. Naibu naye yuko pale, faili mapajani. Moja kwa moja nikajua amekuja kutoa ushahidi dhidi yangu. Anasema amekuja kusubiri majibu ya ile barua ya ratiba. Tumekaa saa nzima na nusu hatutazamani. Mlango ukifunguliwa moyo unaruka.

Ndani, meza ndefu, watu watano. Mwenyekiti ni profesa mzee mwenye kikohozi. Mama Wastani kaja na rula yake. Nikatoa hoja ya saini inayobadilika kwa hali ya hewa. Wakanisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akanisogezea karatasi tupu, akaniambia nisaini mara kumi. Nikasaini. Zikatoka nne za Mrefu, tano zangu, na moja ambayo sijui ni ya nani.

Mwenyekiti akakohoa. Nilifikiria kitambaa cheupe kwa shangazi.

Kisha mzee akafungua faili la pili, akainua karatasi. Akauliza kama na hii barua ya wanafunzi kumi na mmoja ni yangu. Nikaitambua kwa saini iliyokatwa. Nikanyooka. Nikasema ni yangu. Akauliza niliiandika mwenyewe?

“Neno kwa neno,” nikasema.

Wakatazamana. Mzee akasema miaka yote hajapata kuletewa na serikali ya wanafunzi barua kama ile. Fupi, ya kweli, ina majina, ina chumba kilicho wazi, ina siku mbadala, na ina ridhaa ya darasa zima, watu themanini na tisa kati ya tisini. Mjumbe mmoja akasema anayewahangaikia wenzake hivi, si haki kumtupa mlangoni siku ya mwisho. Mwingine akaitikia kwa kichwa. Wote wakamgeukia Mama Wastani. Yeye akaiangalia rula muda mrefu. Nilihesabu pumzi zangu, zilifika kumi na nne.

“Aingie,” alisema. “Akifeli, afeli kwa Takwimu.”

Onyo la maandishi, basi! Mtihani naingia! Na ombi la kwenye barua, mzee akasema, limekubaliwa kama lilivyo. Akarudia, kama lilivyo, tangazo libandikwe leo hii. Nikawashukuru kwa hotuba ya dakika kumi. Walianza kukusanya karatasi zao lakini niliimaliza.

Nje Naibu kaniuliza wamekubali na saa pia? Nimemwambia wamekubali lote, kama lilivyo. Alitaka kuongeza neno, lakini wale wa benchini walikuwa wananipa mikono, sikumsikia. Akaenda zake na pini zake.

Nimepiga simu kwa shangazi. Nimesema naingia. Mdogo wangu kacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mwaka jana. Nikasikia mkasi unaanguka huko. Shangazi anauliza kuna nini.

Usingizi wa leo utakuwa wa haki.

Jumatano, 13 Mei

Asubuhi niliamka mtu mwingine. Mtihani ni kesho, leo ni siku ya wananchi. Haiwezekani kiongozi aokoe watu kumi na mmoja kisha akae kimya kama mwizi. Nikapanga mkutano wa shukrani, kantini, saa nane mchana. Nikaazima kipaza sauti kwa Waziri wa Michezo, kile kikubwa cha siku za mashindano. Nikazima simu niandike hotuba bila usumbufu.

Ofisini nilikuta kikaratasi cha Naibu mezani, kimekunjwa, kimepigwa pini. Vikaratasi vyake siku zote ni habari za wino umekwisha. Nikakitia mfukoni.

Ubaoni palikuwa na umati. Wanadarasa wenzangu wamebanana, madaftari mikononi, mmoja anakariri kwa sauti. Nikawapungia. Mmoja akanipigia kelele kwamba leo ndiyo leo. Nikamjibu ndiyo yenyewe! Nilifurahi sana.

Saa nane kasorobo, nikijaribu kipaza sauti, Mrefu kapita nje ya kantini anakimbia, kashika rula na kalamu mbili. Kaniona. Akagonga kioo kwa nguvu, akaonyesha kidole kwenye saa ya mkononi, akaendelea kukimbia. Nikamwinamia kwa heshima. Nikajua tumepatana.

Waliohudhuria mkutano: mpishi, fundi aliyekuwa juu ya ngazi anatengeneza feni, na watoto wawili wa mwaka wa kwanza waliokuwa wanasubiri chai. Katika kumi na mmoja niliowaokoa, hakuja hata mmoja. Katika tisini wa darasa langu, hata unyayo. Hivi watu wameumbwaje? Nilizungumza dakika arobaini hata hivyo. Nilisema kiongozi hupimwa kwa kuwepo pale anapotakiwa. Fundi akapiga makofi, au alikuwa anakung’uta vumbi.

Saa kumi na robo wakaanza kuingia. Darasa zima. Wamechoka, wana njaa, wanabishana kuhusu swali la tano. Nikadhani wanajadili hotuba. Mwakilishi wa darasa akaja na sahani yake, akaniuliza mimi nilikaa chumba gani, maana hakuniona.

Nikauliza chumba cha nini.

Mtu akaweka kijiko chini. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kile kikaratasi, pini ikanichoma kidole. Mwandiko wa Naibu, wa duara, safi: “Mheshimiwa, kama tulivyoomba, Takwimu imehamishiwa leo Jumatano saa nane mchana, ukumbi mdogo. Nimepiga simu yako mara sita. Usichelewe.”

Nimekaa. Mpishi kaniletea maji bila kuombwa.

Alhamisi, 14 Mei

Njia niliyofikiria kwanza ilikuwa cheti cha zahanati. Kwamba jana saa nane nilikuwa mgonjwa hoi. Nimefika hadi dirisha la mapokezi. Dada wa mapokezi akaniambia hotuba ilikuwa nzuri, waliisikia mpaka wodini. Nikarudi.

Mama Wastani alikuwa anasahihisha. Rundo la vitabu vya majibu, themanini na tisa. Akaniambia walinisikia. Ukumbi mdogo uko mkabala na kantini, ilimbidi afunge madirisha yote, wanafunzi wakafanya mtihani kwenye joto. Nikamwambia sikujua, nakuomba, sikujua kabisa kwamba umehamishwa. Akavua miwani.

“Barua ni yako,” alisema. “Neno kwa neno.”

Hakusema kwa kunicheka. Ningependelea anicheke.

Hapo ndipo nikatoa ya moyoni, kwa kuchelewa. Nikamwambia habari za famasia, sare za shule, mwaka mzima wa kusubiri, koti la mifuko mitatu. Nilikuwa naongea na machozi yananitoka, na sikuona aibu. Akanisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza mdogo wangu alifaulu vipi masomo ya sayansi. Sikujua. Akauliza aliipata famasia kwa chaguo la ngapi. Sikujua. Akaweka miwani mezani, akasema kanuni haina njia: mtihani uliokoswa bila sababu unangoja mwaka ujao. Alisema kwa upole. Nimetoka sikuaga.

Ijumaa, 15 Mei

Simu niliishika tangu asubuhi. Mara tano nikaandika namba nikafuta. Saa sita nikapiga. Akapokea baba.

Nimemweleza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuongeza kitu. Baba hakunikatiza. Nilipomaliza nikawa nasikia cherehani kwa nyuma, inakwenda, inasimama, inakwenda. Kumbe walikuwa wamekwenda wote kwa shangazi kusubiri simu yangu.

Nilitegemea atasema basi, wote wawili mmekosa. Ndilo nililokuwa naliogopa siku kumi.

“Zamu yako imekwisha,” baba alisema. “Mdogo wako anakuja kuthibitisha nafasi yake. Wewe funga mizigo.”

Mjomba anahitaji mtu dukani, wa kupima misumari na kushusha saruji. Nitarudi chuoni siku nitakayoweza kujibeba mwenyewe. Kauli yake haikupanda wala kushuka, na hiyo kwa baba ni mbaya kuliko kelele.

Kisha akampa simu mdogo wangu. Nikajiandaa kwa kilio. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

“Kaka, mwaka mmoja umeshanilia,” alisema. “Wa pili nilikuwa nimeshaanza kukuachia.”

Akakata.

Nimelia sana, na nilikuwa nalia kwa furaha, halafu nikagundua kwamba si furaha, halafu ikawa furaha tena. Anakuja. Sikumharibia. Karibu nimharibie.

Jumatano, 27 Mei

Uwaziri nimekabidhi. Naibu ndiye anakaimu, kiti amekipata kama nilivyotabiri tangu mwanzo. Barua ya kujiuzulu aliniandikia yeye. Fupi, nzuri. Nilisaini.

Mdogo wangu kafika saa tatu asubuhi na begi moja na koti lake jeupe mkononi, limepigwa pasi. Nilikuwa nimeandaa mpango wa kumpitisha mlango wa nyuma wa usajili, kuna karani ananijua. Akasema hapana, akapanga foleni kama watu wengine. Nusu saa, kathibitishwa. Karani kamwambia karibu. Nikageukia ukuta kidogo.

Nikambebea begi, nikamzungusha. Hii maktaba, ile maabara. Hakuwa na maneno mengi na mimi, nami sikumlaumu. Tulipokutana na Mama Wastani kwenye ngazi, wakasalimiana, wakaongea kama dakika tano, wakacheka. Sijui walicheka nini. Mimi nilikuwa na begi. Halafu tukakaa kwenye kivuli cha jengo la utawala, akatoa chupa ya maji, akaninywesha mimi kwanza. Hapo nikaona moyo wake umelegea, nikajua wakati ndio huu.

Nikatoa fomu. Uwakilishi wa mwaka wa kwanza, uchaguzi ni mwezi wa kumi, hakuna aliyejiandaa isipokuwa sisi! Nimemjazia kila kitu usiku wa kuamkia leo. Kaulimbiu, rangi za mabango, orodha ya ahadi ishirini na mbili, meneja wa kampeni ni mimi, nitakuwa naendesha kwa simu kutoka dukani kwa mjomba. Kimebaki kisanduku cha saini tu. Nikamwekea kalamu mkononi. Familia yetu bado ina jina hapa, mtoto huyu ana akili, akipata mtu mzoefu nyuma yake atafika mbali.

Akauliza inasema nini. Nikamwambia asaini tu, habari za kusoma atasoma baadaye, mambo ya uongozi hayataki kusitasita.

Akaisoma. Mstari kwa mstari, kidole kikipita chini ya maneno. Akageuza nyuma akasoma na masharti, hata yale ya maandishi madogo ambayo tangu chuo hiki kijengwe hayajasomwa na mtu. Mimi nasubiri. Kisha akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni kwake, akanirudishia kalamu, akachukua begi lake, akaelekea bweni la wasichana.

Nadhani wino ulikuwa umekwisha. Kesho kabla sijaondoka nitampelekea kalamu nyingine.